Fundo la Begani

Watu wa mtaa wa Jabe walikuwa wameshakubaliana kwamba Yaseen wa duka la vitambaa anampenda Mawazo, fundi wa nguo. Ushahidi wao ulikuwa mmoja tu, macho.

Macho yenyewe kweli yalikuwa yanaonekana. Yaseen anasimama nyuma ya meza ya duka la baba yake, mita mkononi, anatazama nje. Pale nje barazani amekaa Mawazo na cherehani yake, uso ameuelekeza dukani ili mwanga wa njia umwangukie kwenye sindano. Yaseen anamtazama sikio. Anainama kidogo chini ya meza, anainuka, anatazama sikio lile lile. Mteja anauliza satini, anapewa dantela. Scholastique, anayeuza avoka na chai upande wa pili wa njia, alikuwa ameshaweka hesabu: asubuhi mara tisa, mchana mara kumi na moja, Ijumaa inapungua kidogo kwa sababu ya sala.

Maneno yalitembea mpaka Kibenga, yakamfikia Nura, mke wa Yaseen, ambaye wakati ule alikuwa na mimba ya miezi sita. Nura hakugomba. Alikuja dukani siku moja, akasalimia, akapita moja kwa moja nyuma ya meza na kuvuta kila kilichokuwa chini yake. Akatoa kipande cha kadibodi, ile ngumu inayozungushiwa vitambaa, na juu yake lilikuwa limechorwa sikio moja mara kumi na nne. Nura akatazama, akatazama tena.

Akamwambia mumewe kwamba la kumi ndilo zuri, mengine yote makubwa. Kisha akarudi Kibenga, na habari ya mapenzi kwake ikaishia hapo. Scholastique yeye hakuambiwa, kwa hiyo aliendelea na hesabu yake.

Ukweli ni kwamba Yaseen alikuwa anatengeneza kitabu. Si kitabu cha maneno matupu, ni hadithi ndefu ya picha, ile wanayoiita bedé, yenye kurasa sabini na mbili. Ilieleza siku moja tu ya mama mmoja aliyemwita Sifa, anayetoka Uvira alfajiri na beseni la ndagala, dagaa wa ziwani, kichwani na mtoto mgongoni, anavuka mpaka, anauza Jabe, anarudi. Ukiisoma, dakika arobaini umemaliza. Kuichora kulimchukua Yaseen miaka mitatu.

Mtu asiyechora hawezi kuelewa miaka hiyo ilienda wapi. Kwanza kila ukurasa ulichorwa mdogo kwenye kadibodi, kama barua ya haraka. Halafu ukachorwa kwa penseli kwenye karatasi nzito, ukafutwa, ukachorwa tena. Halafu wino mweusi kwa kalamu ya ncha ya chuma, pumzi imebanwa, kwa sababu wino haufutiki. Halafu ukurasa unatundikwa kwa vibanio vya nguo kwenye waya ule ule unaotundikiwa vitenge, ukauke. Na Sifa lazima awe Sifa yule yule. Akiwa na sikio dogo ukurasa wa tatu, asiwe na sikio la tembo ukurasa wa thelathini. Ndiyo maana Yaseen alihitaji sikio la mtu asiyehama, na Mawazo alikuwa hahami.

Tena alijitafutia shida mwenyewe. Kitenge cha Sifa angekipa rangi moja tu, nani angemuuliza? Lakini Yaseen ni mtoto wa wenye duka, babu wa babu yake alitoka Oman akapitia Ujiji na mzigo wa vitambaa, na aliona aibu kumvalisha Sifa kitambaa kisicho na ua. Akamchagulia cha samaki wadogo. Kila picha, samaki thelathini, arobaini, kila mmoja na jicho lake. Kufika mwaka wa pili alikuwa hawezi tena kula samaki wa mukeke bila kuhesabu.

Baba yake, mzee Salem, aliziona kurasa kwenye waya. Alizisogeza tu akipita, kwa mkono mmoja, kama mtu anayesogeza nguo mbichi za jirani.

Jumamosi moja akaingia dukani mama mmoja, madame Ingrid, mtu wa mtaa wa Mutanga Nord anayefanya kazi Ubelgiji kwenye nyumba ndogo inayotoa vitabu. Alikuwa amekuja kumwona mama yake, na siku ile alitafuta imvutano, vazi la sherehe, kwa ajili ya mpwa wake aliyekuwa anatolewa mahari. Yaseen akamfunulia vitambaa, akamvalisha kimoja ili ajione kwenye kioo: kipande cha chini kiunoni, cha juu kinapita kifuani na kufungwa fundo juu ya bega moja. Kazi hiyo ya kufunga fundo la bega hakuna aliyemshinda mjini. Alifunga kumi kwa siku, msimu wa harusi hata ishirini, bila kuangalia mikono.

Madame Ingrid akajiona kwenye kioo, na nyuma yake kwenye kioo akaona Sifa anavuka mto Rusizi kwenye waya wa vitenge. Akageuka. Imvutano ikasahaulika begani.

Aliuliza mengi, ila la maana lilikuwa moja. Jumatatu ya wiki iliyofuata wakubwa wake walikuwa wanakaa kuchagua vitabu vya mwaka, na wanakaa mara moja tu kwa mwaka. Picha za simu hawazitaki, wanataka karatasi zenyewe. Yeye anaondoka Ijumaa, siku tatu kabla ya kikao hicho. Saa tano asubuhi atapita hapa akielekea uwanja wa ndege, na kama kitabu kimekwisha, atakibeba mwenyewe mkononi.

Yaseen alimaliza ukurasa wa sabini na mbili Jumanne jioni. Jumatano asubuhi akafikiri jambo ambalo lilimfaa mtu aliyelelewa vizuri: mwenye uso aliouazima auone kabla haujasafiri.

Basi akazibeba kurasa zote kama mtu anayebeba sinia la mayai, akatoka barazani. Mawazo alikuwa amefika sasa hivi. Alikuwa ameshamshusha mtoto wake, Chance, wa miezi minane, akamweka ndani ya karatoni ya vitambaa pembeni ya cherehani, ambamo hukaa mpaka jioni akitafuna roli ya uzi isiyo na uzi. Yaseen akajieleza kwa shida. Akasema kuna kitabu, na kwamba ndani ya kitabu kuna mtu, na kwamba mtu huyo anafanana fanana.

Mawazo akachukua ukurasa wa kwanza, akacheka mpaka akafuta machozi. Miaka mitatu alifikiri patron, bosi wake, anamchunga asiibe uzi.

Akasoma taratibu, kidole kikifuata picha. Alisoma shule mpaka mwaka wa sita kule Uvira, na picha zilimsaidia pale ambapo Kifaransa kilimwacha. Alizifurahia ndagala, akalijua daraja, akamjua hata mbuzi mmoja. Kufika ukurasa wa nne kicheko kikapungua. Ukurasa wa tano akarudi wa nne. Yaseen, aliyekuwa anamsoma usoni kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, akauliza kuna nini.

"Patron, huyu mama anaenda ku dot?"

Yaseen akasema hapana, haendi kwenye mahari, anavuka mpaka, anaenda kuuza.

"Na mutoto iko mugongoni?"

"Ndiyo, si unamwona?"

"Namwona. Mbele hawajafika ku bariere ya mupaka atakuwa ameanguka." Mawazo akaweka kidole begani kwa Sifa, juu kabisa ya fundo. "Ulimufunga imvutano, papa. Imvutano haibebake mutoto. Inabebaka tu bibi-arusi."

Yaseen akatazama. Akachukua ukurasa wa kumi, wa ishirini, wa hamsini. Kila mahali Sifa alikuwa na fundo zuri sana begani, fundo la mtu wa kazi, na mtoto alikuwa amening'inia nyuma kama mkoba wa shule. Mikono yake ilikuwa inajua fundo moja tu maishani, na fundo hilo ndilo ililochora. Mama yake mwenyewe hakumbeba mgongoni hata siku moja. Nyumbani kwao watoto walilelewa juu ya mito ya kulalia. Mbeleko ameiuza tangu ana miaka kumi na tano, akaikata, akaikunja, akairudishia chenji, ila jinsi inavyofungwa hakuwahi kusimama kuona. Mawazo hufunga nyumbani na kufungua akifika, na Yaseen saa hizo hutafuta ufunguo wa duka.

Akakaa chini kwenye ngazi. Akasema labda watu wa Ubelgiji hawataona.

Mawazo akasoma tena ukurasa wa tano, na safari hii mkono wake wa kushoto ulikwenda nyuma wenyewe, ukampapasa mtoto ambaye hayuko mgongoni. Ndipo akasema, kwa upole, kwamba watu wa Ubelgiji labda wasione. Lakini kila mama atakayekifungua kitabu hiki hatasoma maneno, atakuwa anamdaka mtoto.

Basi wakahesabu. Picha ambazo bega la Sifa linaonekana zilikuwa themanini na nane. Kuanzia Jumatano saa nne mpaka Ijumaa saa tano. Yaseen akaagiza chai kwa Scholastique, akaisahau ikapoa.

Kwanza alihitaji kujifunza. Mawazo akamtoa Chance karatoni, akainama kama anayeokota kitu, mtoto akalala mgongoni tumbo kwa mgongo, kitenge kikarushwa juu, kikapita chini ya makwapa, kikavutwa, kikafungwa juu ya kifua. Ncha za chini zikafungwa tumboni. Chini ya pumzi mbili. Yaseen akaomba arudie. Akarudia. Akachora, Mawazo akaona, akatikisa kichwa. Mara ya nane Chance alianza kulalamika, kupandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisima.

"We hauelewe na macho," Mawazo akasema. "Geuka. Inama."

Yaseen akatazama njia yote, kuanzia kwa Scholastique mpaka kwa muuza sabuni. Halafu akainama.

Chance alipofungwa alijua mara moja kwamba mgongo ni mgeni. Akanyamaza, akapima, akamshika sikio. Yaseen naye akasimama wima kama anavyosimama dukani, akahisi mtoto anamvuta nyuma. Mawazo akamwambia ashushe mabega, atoe makalio, aweke uzito kiunoni. Akafanya. Na hapo akaelewa kitu cha pili, kibaya kuliko cha kwanza: si fundo tu. Sifa wake alikuwa anatembea kurasa sabini na mbili amenyooka kama mti wa simu. Kumbe mtu mwenye mtoto mgongoni huinama kidogo mbele, kama anayesikiliza.

Upande wa pili wa njia, Scholastique aliacha kuhesabu. Hesabu yake haikuwa na mahali pa kuweka jambo hili.

Kuchora kurasa upya kusingewezekana, na Yaseen alijua. Aliyepata njia ni Mawazo, kwa sababu yeye kiraka ni kazi yake. Mteja akileta suruali ya milia iliyochanika, kiraka hakiwekwi katikati ya mlia. Unakata mshono upite kwenye mlia wenyewe, jicho lisiuone. Akauliza kama picha nazo si hivyo hivyo, si kila kitu kimezungukwa na mstari mweusi? Basi Yaseen achore bega na mgongo peke yake kwenye kipande kipya, yeye atakata ukingo wa mstari kwa mkasi mdogo, wabandike. Mshono upite penye mustari, alisema, na hakuna mzungu atakayeuona.

Wakaanza. Yaseen alichora amesimama kwenye meza ya duka, Chance mgongoni, kwa sababu aligundua kwamba akimshusha tu, mkono unarudia ukaidi wake wa zamani na Sifa ananyooka. Mawazo aliiacha cherehani, akakata. Kitambaa kilipovutwa chini ya kwapa samaki wote ilibidi walale upande mwingine, kwa hiyo samaki nao wakachorwa upya, thelathini, arobaini, kila mmoja na jicho lake. Yaseen alisema maneno fulani kuhusu samaki ambayo mtoto hakupaswa kuyasikia. Mawazo akamwambia kwa sauti ya taratibu kwamba kitambaa cha rangi moja kipo, kiko rafu ya tatu, amekuwa akikiuza mwenyewe.

Wateja walikuja. Mama mmoja kutoka Kibenga alitaka imvutano, akapimiwa na mwanaume mwenye mtoto mgongoni, akavalishwa, akafungwa fundo la bega zuri kama siku zote. Alilipa akatoka nyuma nyuma, hataki kumaliza kutazama.

Alhamisi mchana akaingia mzee Salem. Akasimama mlangoni. Akamwona mwanawe, akaona miguu miwili midogo inatokea pembeni ya kiuno chake, akaona fundi wa nguo amekaa kwenye kiti cha duka anakata mabega ya karatasi. Akatoa tasbihi, akairudisha mfukoni. Kisha akauliza kama satini ya bluu imefika. Yaseen akasema imefika. Mzee akasema alhamdulillahi, akaketi mlangoni yeye mwenyewe, akawa anahudumia wateja hapo hapo nje wasiingie ndani kusumbua.

Ijumaa asubuhi Yaseen alimfunga Chance mgongoni mwenyewe. Saa nne na nusu zilibaki picha sita, zote ukurasa wa arobaini na saba, Sifa akiwa sokoni katikati ya watu, bega wazi kila picha. Yaseen alipiga hesabu ya samaki, akaweka kalamu chini. Alisema ukurasa huu waache, au wautoe kabisa.

Mawazo akauliza mvua ya hadithi inaanza ukurasa gani. Akaambiwa wa arobaini na nane.

"Basi ianze sasa. Mvua ya hapa inapigaka hodi?"

Na wauzaji wa njiani mvua ikianza hufanya nini? Hujifunika nailoni nyeusi, mtu, mtoto na beseni, kichwa kinatokea tu. Yaseen akatazama ukurasa, akatazama chupa ya wino. Akachukua brashi kubwa ambayo hakuwahi kuitumia kwa kitu kingine zaidi ya usiku, akamfunika Sifa picha zote sita, nyeusi tii, akaacha mstari mweupe wa mwanga pembeni, akapiga mvua kwa rula. Hakuna bega. Hakuna fundo. Na hakuna hata samaki mmoja. Alipomaliza alicheka peke yake, na Chance, aliyehisi mgongo unatikisika, akarusha miguu kwa furaha. Mguu wa kulia ukaingia kwenye kifuniko cha wino, ukatoka, ukatua pembeni ya ukurasa wa arobaini na saba. Vidole vitano, kisigino, vyote.

Wino ulikuwa ndio umekauka honi ilipolia nje.

Madame Ingrid aliingia haraka, na teksi inangoja. Alimwona Yaseen, akataka kusema kitu kuhusu mtoto, akaahirisha. Akafunua kurasa kwenye meza moja moja. Hakuna aliyepumua vizuri isipokuwa Chance. Alipita wa nne, wa tano, wa kumi. Alikuwa mama wa watoto wawili, na Mawazo, aliyejua mahali pa kuangalia, hakuangalia uso wake, aliangalia mkono wake wa kushoto. Mkono ulikaa ulipokuwa. Haukwenda mgongoni kumdaka mtu.

Ukurasa wa arobaini na saba alisimama. Akauliza alama hii ya mguu ni ya nini.

Yaseen akaushika mguu wa Chance kiunoni kwake.

"Ni sinyatire, madame," Mawazo akasema, kana kwamba kila kitabu hutiwa sahihi hivyo. "Ni ya huyu aliyebebwa."

Madame Ingrid akamtazama Mawazo, akatazama ukurasa, akalitazama sikio la Mawazo. Akafunga kurasa ndani ya dosie yake kubwa, akaikumbatia kifuani kwa mikono miwili, akaahidi kuandika mwezi ukiisha. Akamgusa Chance shavu. Teksi ikaondoka.

Yaseen akabaki amesimama, mikono mitupu, kwa mara ya kwanza ndani ya miaka mitatu. Kisha adhana ya Ijumaa ikasikika, na baba yake alikuwa ameshavaa kofia. Mawazo akamchomoa mtoto kwa nyuma, haraka haraka, akampeleka kunawishwa mguu kwa Scholastique, ambaye alikuwa na maswali mengi yaliyopangwa vizuri. Yaseen akafunga duka, akachukua udhu, akakimbia.

Msikitini walipanga safu, bega kwa bega. Mzee Salem, kabla ya kuinua mikono, alimtupia mwanawe jicho la pembeni na kuona kitenge cha Mawazo bado kimemkaa kifuani, ncha zimefungwa juu ya vifungo vya kanzu. Mawazo alikuwa amemtoa mtoto tu, nguo amesahau. Mzee akanyoosha mkono wake polepole ili watu wasione, akashika fundo, akalivuta. Halikufunguka. Akaingiza ukucha, akavuta tena, na imamu alikuwa ameshasimama mbele.

"Nani kakufunga hivi?" akanong'ona.

Yaseen akasema amejifunga mwenyewe.

Mzee akalitazama fundo lile mara moja zaidi, mtu aliyeuza vitambaa miaka hamsini, akaliacha lilivyo, akainua mikono.